Usaili Usio na Mshenga

Huku Handeni na Korogwe, kijana akitaka kuoa hajisemei. Mshenga ndiye anayepiga hodi, anayetaja ukoo, kazi na tabia ya muoaji, na mambo ya mahari yakianza, ndiye anayejibu. Kwa Wazigua, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, mjomba naye ana neno lake. Kujisifu mbele ya wakubwa ni utovu wa adabu, na mtoto wa Kizigua au wa Kisambaa hulijua hilo kabla hajaanza shule.

Sasa mtoto huyo amehitimu chuo, anaandika programu za kompyuta, na kampuni ya Dar es Salaam imemwita kwenye usaili. Nyumbani, hiyo ni shughuli ya ukoo mzima. Nauli inachangwa, bibi anamwombea dua, ndugu wa Mbagala anaarifiwa kuwa ana mgeni. Wosia ni ule ule: nenda na heshima, usiwe na maneno mengi.

Anaufuata wosia, na ndio unaomponza. Akiambiwa ajieleze, anataja jina, chuo na kwao, basi. Akiulizwa kazi aliyofanya, anasema, "Tulitengeneza mfumo wa kusajili wanafunzi." Huenda ni yeye aliyekesha akiuandika karibu wote, lakini kuwaacha wenzake nje ya jibu anaona ni kuwadhulumu. Kisha unakuja mtihani wa vitendo: anapewa tatizo, anatakiwa kuandika msimbo huku akisema kwa sauti anachowaza. Yeye amezoea kuwaza kimya, azungumze akishapata jibu. Wasaili wanaona dakika zinapita bila neno na wanadhani amekwama. Mwisho wanamuuliza kama ana swali. "Sina, nashukuru." Angewezaje kuwahoji wenyeji wake?

Mimi sikubali kwamba adabu hiyo ni kasoro ya kufutwa. Simulizi za Usambaa, zile alizoziandika Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi, zinamweleza Mbegha, mwindaji aliyetoka milima ya Nguu bila cheo wala urithi. Aliwagawia watu nyama, akaua nguruwe waliokuwa wakila mashamba yao, akaamua kesi zao, na akaua simba. Wasambaa walimpa nchi kwa walichokiona mikononi mwake. Huo nao ulikuwa usaili, tena mkali.

Kwa hiyo kampuni zinazotaka vijana wetu ziwape kazi halisi: programu yenye hitilafu waitafute, wapewe muda wa kutosha, ndipo waulizwe walivyofanya. Mtu akiwa na kazi yake mbele, ulimi hufunguka.

Nasi wazazi tuna sehemu yetu, hasa kwa mabinti, ambao tunawahimiza kunyamaza zaidi kuliko kaka zao. Kijana akirudi likizo na kompyuta yake, tusiishie kumuuliza atamaliza lini. Mjomba aketi naye barazani, amwambie afungue alichokitengeneza, amuulize kinafanya nini, kipande gani kilimtesa, na kipi alikiandika yeye mwenyewe. Akisema "tulifanya", mjomba aulize tena: wewe ulifanya nini? Akijibu mbele ya mjomba wake bila kuona kwamba amemvunjia heshima, atajibu mbele ya wasaili wa Dar es Salaam.