Uzoefu Hausajiliwi

Korosho zikishauzwa, swali ni lile lile, Kitangari hata Newala mjini: "Mwalimu, binti ana Divisheni Foo, sayansi hazikukaa vizuri. Kuna kozi ya unesi ya miezi sita. Si aanze nayo, apande kwa uzoefu mpaka awe kama yule nesi wetu anayepima na kuandika dawa?"

Hapandi. Nimeshajibu mpaka nimechoka.

Imani hii najua imetoka wapi. Kwenye zahanati ya kijiji, mara nyingi anayekupokea, kukupima malaria na kukupa dawa mseto ni muuguzi, maana tabibu ni mmoja na leo ameitwa wilayani. Watu humwita daktari, naye keshachoka kuwasahihisha. Wasichokiona ni leseni yake. Kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, asiyesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga si muuguzi, hata awe anachoma sindano tangu enzi za Mzee Mwinyi. Baraza linataka mtu aliyehitimu chuo kinachotambulika na kufaulu mtihani wa usajili. Mwenye cheti cha miezi sita hafiki hata kwenye chumba cha mtihani huo. Kozi ya mwaka mmoja ya uhudumu wa afya ni halali, lakini ni ya uhudumu. Mhudumu akitaka uuguzi, atarudi kuulizwa matokeo yake ya kidato cha nne kama wenzake wote. Na mbona wenye kozi hizi za mkato huja wakati fedha za mnada wa korosho bado ni mbichi?

Muuguzi anayetambua ugonjwa na kuandika dawa kwa leseni yake mwenyewe yupo, tena Botswana si mbali. Marekani walianza kumfundisha mwaka 1965, Chuo Kikuu cha Colorado, na leo huko hudaiwa shahada ya uzamili juu ya usajili wa uuguzi. Sisi kazi hiyo tulimpa tabibu, na tabibu ana chuo chake. Binti anayetaka kutibu asome utabibu, basi.

Anayetaka uuguzi: D nne au zaidi, masomo ya dini hayahesabiwi, na Kemia, Baiolojia na Fizikia lazima ziwemo. Fizikia imegoma? Arudie kama mtahiniwa wa kujitegemea. Stashahada ni miaka mitatu; Ndanda hapo wanafundisha. Ada ikipelea, tangu 2023/24 Bodi ya Mikopo (HESLB) inakopesha baadhi ya wanafunzi wa stashahada za afya; ila ahakikishe kwanza kama uuguzi umo. Hisabati na Kiingereza chuoni huitwa nyongeza, lakini akiitaka shahada baadaye, miongozo ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) humdai D za masomo hayo pamoja na GPA ya 3.0, kwa hiyo asizitupe. Aliyesoma Fizikia, Kemia na Baiolojia (PCB) na kufaulu vizuri kidato cha sita aende moja kwa moja miaka minne Muhimbili (MUHAS) au Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), kisha mwaka wa mafunzo kwa vitendo. Uzamili upo: ukunga, wagonjwa mahututi, afya ya akili. Anayeota Marekani ajue mtihani wa leseni wa huko, NCLEX-RN, unamsubiri.

Na kabla ya kulipa, tafuta jina la chuo kwenye orodha ya NACTVET, baraza linalosajili vyuo hivi. Wakikwambia usajili "uko kwenye mchakato", hela ibaki benki.