Barabara ya udongo nayo iko na kalenda yake

Wandugu, mwezi wa kumi umefika, na huku kwetu Haut-Katanga kila mtu anaangalia mawingu. Vijijini watu wanamaliza kusafisha mashamba, wanachoma takataka, wanapanga matuta, wanatafuta mbegu na mbolea. Mvua ya kweli tunaingojea mwezi wa kumi na moja. Lakini kuna kazi moja ambayo haimo kwenye kalenda ya kilimo tuliyosoma: kutunza barabara. Mimi nilitoka na lisansi ya agronomi bila kusikia hata saa moja juu yake.

Mkulima wa mahindi anaihitaji barabara mara mbili kwa mwaka. Mbele ya masika inamletea mbolea, na kisha mavuno inatoa magunia. Kamio ya mbolea ikikwama wiki mbili, atapanda kwa kuchelewa. Na kuchelewa ni hasara: mvua za kwanza zinaamsha vijidudu vya udongo, vinaachilia azoti nyingi kwa mara moja, kisha maji yanaishusha chini kabisa. Aliyepanda mapema anaikuta. Aliyechelewa anakuta imekwenda. Halafu wakati wa mavuno, mwenye kamio ndiye anasema bei, na ndani ya bei hiyo ameshahesabu resori zitakazovunjika. Ndiyo maana mahindi yanalala kijijini, na sisi Lubumbashi tunakula bukari ya unga uliotoka Zambia na kulalamika juu ya bei ya meka.

Watu wanasema kamio ndizo zinaua barabara. Mimi nasema maji ndiyo yanaanza, kamio inamaliza. Barabara ya udongo inapaswa kuwa na mgongo: kama iko na upana wa meta 5, katikati pazidi kando kwa sentimeta 15 mpaka 20, ili mvua ikinyesha maji yakimbilie pembeni. Pembeni kuwe na mtaro, na mtaro uwe na njia za kutokea, zinazopeleka maji mbali porini. Bila njia hizo mtaro unageuka mto, unakula ukingo, na mwisho maji yanarudi kutembea katikati ya barabara. Mgongo ukisha kulala, maji yanatulia ndani ya alama za magurudumu, udongo unalainika, na kamio ya kwanza inachimba shimo. Ya pili inalipanua.

Niliona projet moja ikimwaga lateriti nzuri nyekundu, kilometa kadhaa, watu wanapiga picha. Mitaro haikuchimbwa. Masika moja tu, changarawe yote ilikuwa chini ya kilima. Na wanakijiji wanaoziba mashimo kwa udongo wa kichuguu peke yake, ninawaelewa, uko karibu na unashika vizuri. Lakini ni udongo wa mfinyanzi: ukilowa, hata pikipiki haisimame. Uchanganyeni na changarawe.

Shida kubwa ni wakati. Kurudisha mgongo kunataka udongo wenye unyevu, maana udongo mkavu haushikani, unageuka vumbi. Mvua za kwanza zingefaa, lakini wiki hizo hakuna mtu atakayeacha kupanda ili apige jembe barabarani, na yuko na haki. Kwa hiyo mgongo ufanywe mwezi wa nne: masika inaisha, udongo ungali laini, mahindi yanakauka shambani, mikono iko huru. Mwezi wa tisa na wa kumi, udongo ukiwa mgumu kama tofali, tubakie na kazi ndogo: kufyeka, kutoa mchanga ndani ya mitaro na busi, yale mabomba ya beto yanayopitisha maji chini ya barabara. Ni majembe, mapanga na pusupusu, basi.

Nani analipwa? Hapo ndipo moto. Barabara hizi ndogo ziko chini ya Office des Voies de Desserte Agricole, na tangu 2008 kuna FONER, mfuko unaolishwa na pesa inayokatwa juu ya mafuta ya gari na peaje. Kijijini hiyo pesa wanaisikia kwenye redio. Wazee wanakumbuka salongo ya wakati wa Zaïre, na ukisema "kazi ya pamoja" wanakuangalia vibaya. Kuna pia barière ya mvua, ya kusimamisha kamio mpaka udongo ukauke. Wazo ni zuri sana, mpaka siku mlinzi anapokula madesu ya bana na kuinua mti.

Mwaka jana tulifungua njia moja ya maji, usiku mzee jirani akaiziba. Nilienda kwake.

"Mwanangu, maji ya kilima kizima unaleta mu mahindi yangu?"

"Papa, samahani. Hatukukuuliza."

Alikuwa na haki. Tulisogeza njia hatua kumi na mbili, ikaangukia kwenye migomba yake, tukapanda vetiveri mdomoni ili maji yapunguze mbio. Migomba imependa. Sasa yeye mwenyewe ndiye anaisafisha. Jumamosi hii tunaanza na busi ya chini mtoni, imejaa mchanga mpaka nusu. Mwenye pusupusu aje nayo.