Chembe nyekundu za damu zilivyojaribiwa kubeba dawa ya saratani

DAWA inayomtibu mgonjwa wa saratani ya damu inaweza kukataliwa na mwili wake mwenyewe. Tatizo hilo ndilo lililowafanya wataalamu nchini Ufaransa kutafuta njia ya kuificha dawa hiyo ndani ya chembe nyekundu za damu.

Dawa yenyewe ni asparajinasi, kimeng'enya kinachotumika kutibu lukemia kali ya limfu, saratani ya damu ambayo huwapata zaidi watoto.

Chembe za saratani hiyo haziwezi kujitengenezea asparajini ya kutosha, kirutubisho kinachohitajika kujenga protini, hivyo hutegemea ile iliyomo katika damu. Asparajinasi huivunja asparajini hiyo, na chembe za saratani hufa kwa kuikosa. Chembe nyingi za kawaida husalimika kwa kuwa hujitengenezea zenyewe.

Safari ya dawa hiyo ilianza mwaka 1953, pale mtafiti wa Marekani, John Kidd, alipobaini kuwa majimaji ya damu ya simbilisi yaliangamiza uvimbe wa saratani katika panya. Mwaka 1961, John Broome alionyesha kuwa siri ilikuwa asparajinasi.

Hata hivyo, asparajinasi inayotumika hospitalini hutokana na bakteria, na mwili huiona kuwa mvamizi. Baadhi ya wagonjwa hupata mzio, kuanzia vipele hadi kushindwa kupumua. Wengine hawaonyeshi dalili yoyote, lakini kingamwili zao huiharibu dawa kimyakimya. Aidha, dawa hiyo inaweza kudhuru ini na kongosho.

Kampuni ya Erytech ya mjini Lyon ilikuja na mbinu tofauti. Chembe nyekundu kutoka kwa wachangia damu ziliwekwa katika maji yenye chumvi kidogo, zikavimba na kufunguka vitundu vidogo, kimeng'enya kikaingia. Chumvi ilipoongezwa, vitundu vilijifunga. Kisha mgonjwa aliongezewa chembe hizo kama anavyoongezewa damu ya kawaida.

Asparajini hupenya ukuta wa chembe na kuvunjwa humo ndani, ilhali kingamwili haziwezi kupenya. Kwa kuwa chembe nyekundu huishi takriban siku 120, dawa hudumu mwilini kwa muda mrefu zaidi.

Jaribio lililohusisha wagonjwa 80 nchini Ufaransa na Ubelgiji, ambalo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2014, lilionyesha kuwa mzio ulipungua. Pamoja na hayo, mwaka 2018 kampuni hiyo iliondoa maombi yake ya kibali cha Umoja wa Ulaya.

Mwaka 2021, jaribio jingine kwa wagonjwa wa saratani ya kongosho lilishindwa kurefusha maisha yao. Mwaka uliofuata kampuni iliachana na mpango wa kuomba kibali Marekani kwa ajili ya lukemia, na mwaka 2023 iliungana na kampuni nyingine.

Hivyo mbinu iliyofaulu kuificha dawa haikufika katika wodi za wagonjwa. Kwa anayepata mzio, madaktari hubadilisha na kutumia asparajinasi inayotokana na bakteria wa aina nyingine, ambayo imewahi kuadimika. Kwa asiyeonyesha dalili, kipimo cha utendaji wa dawa katika damu ndicho kinachoweza kubainisha iwapo bado inafanya kazi.