Fahamu Namna ya Kufunga na Kuelekeza Dishi la Luninga Nyumbani kwa Usahihi na Usalama

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

IBARA ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inatambua haki ya kila raia kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Kwa kaya nyingi zilizo mbali na mitambo ya kurushia matangazo ya ardhini, haki hiyo hupitia katika chombo kimoja kilichofungwa juu ya nguzo nje ya nyumba, yaani dishi la setilaiti, ambalo wengine huliita ungo. Dishi likiyumba, kaya nzima hukosa taarifa ya habari, matangazo ya afya na hata tahadhari za mvua kubwa na upepo mkali zinazotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA).

Tangu Desemba 31, 2012, Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia kwa kuanzia na Jiji la Dar es Salaam, kisimbuzi, maarufu kama king'amuzi, kimekuwa sehemu ya vifaa vya kawaida vya nyumbani. Hata hivyo, wananchi wengi bado wanaamini kwamba kuelekeza dishi ni siri ya fundi au ni jambo la bahati. Matokeo yake, hulipa gharama ya fundi kila mvua inaponyesha, au hupanda juu ya paa bila maandalizi na kuhatarisha maisha yao.

Ukweli ni kwamba kazi hii ni ya vipimo. Anayeelewa vipimo vitatu, yaani uelekeo, mwinuko na mzunguko wa kichwa cha kupokelea mawimbi, anaweza kuifanya mwenyewe kwa usahihi, au kumsimamia fundi akijua anachokifanya.

Setilaiti iko wapi?

Setilaiti za matangazo ya luninga zimewekwa juu ya mstari wa Ikweta, umbali wa takriban kilomita 35,786 kutoka usawa wa bahari. Katika kimo hicho, setilaiti huizunguka dunia kwa muda uleule ambao dunia hutumia kujizungusha yenyewe. Kwa sababu hiyo, kwa mtazamaji aliye ardhini huonekana kama imesimama mahali pamoja angani usiku na mchana. Ndiyo maana dishi la nyumbani hufungwa mara moja na halihitaji kuzungushwa.

Kila setilaiti hutambulishwa kwa nafasi yake juu ya Ikweta. Nafasi za nyuzi 7 Mashariki na nyuzi 36 Mashariki ni miongoni mwa zile zinazobeba matangazo yanayopokelewa na kaya za hapa nchini. Kabla ya kuanza kazi, mwananchi anapaswa kujua kisimbuzi chake kinatumia nafasi ipi. Taarifa hiyo hupatikana katika kijitabu cha maelekezo au kwa wakala aliyemuuzia.

Kwa kuwa eneo lote la Tanzania liko kusini mwa Ikweta, hakuna dishi la nyumbani hapa nchini linalopaswa kuelekea kusini. Setilaiti zote zinazoonekana kutoka Tanzania ziko upande wa kaskazini, kaskazini-mashariki au kaskazini-magharibi. Mtu akiona dishi lake limegeuzwa kusini, ajue kazi imeharibika kabla ya kuanza.

Vipimo vitatu vya msingi

Kipimo cha kwanza ni uelekeo, yaani upande wa dira ambao dishi linautazama. Kipimo cha pili ni mwinuko, yaani pembe kati ya usawa wa ardhi na mahali setilaiti ilipo angani. Vipimo hivi hubadilika kutoka mkoa mmoja hadi mwingine.

Kwa mfano, setilaiti iliyo nyuzi 7 Mashariki huonekana kutoka Dodoma ikiwa upande wa magharibi, ikisogea kaskazini kwa nyuzi 11, na mwinuko wake ni takriban nyuzi 56. Kutoka Dar es Salaam mwinuko hushuka hadi takriban nyuzi 52, na Mtwara nyuzi 50. Kadiri mtu anavyoelekea magharibi mwa nchi, setilaiti hiyo huonekana juu zaidi. Mbeya ni takriban nyuzi 57, Mwanza nyuzi 60 na Kigoma nyuzi 63. Kwa upande mwingine, setilaiti iliyo nyuzi 36 Mashariki iko karibu utosini kwa mkazi wa Dodoma, kwa mwinuko wa takriban nyuzi 83, ikielekea kaskazini. Hivyo basi, aliyehama kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine hawezi kulifunga dishi lake kwa vipimo vya zamani.

Kipimo cha tatu ni mzunguko wa LNB, kile kichwa kidogo kilichoshikiliwa na mkono mbele ya dishi. Matangazo hurushwa kwa mawimbi ya wima na ya mlalo, na LNB inapaswa kukaa katika pembe inayoyatenganisha. Kwa mkazi wa Dodoma anayepokea kutoka nyuzi 36 Mashariki, LNB hukaribia kukaa wima bila kuzungushwa. Lakini kwa nyuzi 7 Mashariki, LNB hiyo hiyo huhitaji kuzungushwa kwa zaidi ya nyuzi 70. Maelekezo mengi yaliyoandikwa kwa ajili ya nchi za Ulaya hayagusi mzunguko mkubwa kiasi hicho, na mtu anayeyafuata huweza kupata uelekeo na mwinuko sahihi lakini picha ikagoma.

Jambo jingine linalowachanganya wengi ni umbo la dishi. Madishi mengi ya nyumbani yametengenezwa kwa namna ambayo LNB hukaa upande wa chini na si katikati. Dishi la aina hiyo hutazama angani juu zaidi ya linavyoonekana kwa macho, kwa tofauti ya zaidi ya nyuzi 20. Kwa hiyo, mwinuko usipimwe kwa kukadiria mlalo wa uso wa dishi. Kipimo kisomwe kwenye namba zilizochorwa katika kishikio cha nyuma, ambazo mtengenezaji amekwisha kuzirekebisha.

Maandalizi na usalama

Vifaa vinavyohitajika ni nguzo ya chuma, dishi na LNB yake, kebo maalumu ya dishi, konekta, spana, timazi au pimamaji, pamoja na dira. Dira ya simu ya mkononi inafaa, ila isomwe mita chache kutoka kwenye nguzo au bati, kwa kuwa chuma huipotosha.

Eneo lichaguliwe kwa kuangalia kama upande wa setilaiti uko wazi, bila matawi ya mti wala ukuta wa jirani. Mti mchanga wa leo ni kizuizi cha miaka mitatu ijayo. Ikiwezekana, dishi lifungwe ardhini au ukutani badala ya juu ya paa, kwa kuwa litakuwa rahisi kulifikia na halitahatarisha maisha ya mtu kila linapohitaji marekebisho.

Aidha, nguzo isimamishwe mbali na nyaya za umeme, kiasi kwamba hata ikianguka haiwezi kuzigusa. Kazi isifanyike wakati wa mvua, upepo mkali au dalili za radi. Anayelazimika kupanda ngazi awe na mtu wa kuishikilia. Nguzo pia iunganishwe kwa waya wa shaba na chuma kilichochimbiwa ardhini ili kupunguza madhara ya radi.

Hatua za kufunga na kuelekeza

Kwanza, simamisha nguzo na uijengee kwa zege. Hapa ndipo makosa mengi huzaliwa. Nguzo ni lazima iwe wima kabisa, na ipimwe kwa timazi pande mbili. Nguzo ikiinama, namba za mwinuko kwenye kishikio hupoteza maana, na kila unapogeuza dishi kushoto au kulia mwinuko nao hubadilika. Acha zege likauke kabla ya kupandisha dishi.

Pili, andaa kebo. Waya wa shaba wa katikati utokeze kidogo mbele ya konekta, na nyuzi za wavu wa nje zisiuguse hata kidogo. Kisimbuzi hupeleka umeme mdogo kwenda kwenye LNB kupitia kebo hiyo, hivyo kizimwe na kuchomolewa kwenye umeme kabla ya kuunganisha, ili kuepuka shoti. Acha kebo ining'inie kidogo kabla ya kuingia ndani ya nyumba ili maji ya mvua yadondoke nje, na ziba konekta ya nje isipitishe maji.

Tatu, weka mwinuko kwa kufuata namba za kishikio, kisha kaza nati kiasi cha kulizuia dishi lisiporomoke. Zungusha LNB kwa kufuata kijitabu cha maelekezo, kisha ligeuze dishi kuelekea upande ulioupata kwa dira.

Nne, washa kisimbuzi na ufungue ukurasa unaoonesha hali ya mawimbi. Utaona mistari miwili, mmoja wa nguvu na mwingine wa ubora. Mstari wa nguvu huweza kuonesha kiwango kikubwa hata dishi likiwa limetazama setilaiti nyingine. Unaopaswa kufuatwa ni mstari wa ubora.

Tano, geuza dishi polepole kushoto na kulia. Sogeza kidogo, kisha subiri sekunde chache, kwa sababu kisimbuzi huhitaji muda wa kuyatambua mawimbi. Usipopata kitu, badili mwinuko kwa nyuzi 1 au 2 na urudie. Ubora ukionekana, endelea kugeuza mpaka uanze kushuka, weka alama, kisha rudi upande wa pili mpaka ushuke tena na uweke alama nyingine. Mahali sahihi ni katikati ya alama hizo. Fanya vivyo hivyo kwa mwinuko, na mwisho kwa mzunguko wa LNB.

Sita, kaza nati zote kwa zamu, kidogo kidogo, huku mwenzako akiusoma mstari wa ubora ndani ya nyumba. Kukaza nati moja kwa nguvu huweza kulisogeza dishi na kuharibu kazi yote.

Usahihi huu una sababu. Kwa dishi lenye upana wa sentimita 90, kosa la nyuzi 1 ni msogeo wa chini ya sentimita 1 tu kwenye ukingo wake. Lakini kule angani, kosa hilo hukwepa setilaiti kwa zaidi ya kilomita 600 na kupunguza mawimbi yanayopokelewa kwa karibu nusu. Dishi la namna hiyo huonesha picha nzuri siku ya jua, na hukata matangazo mara tu mvua inapoanza, wakati ambao mwananchi anahitaji zaidi taarifa.

Matangazo yanapokatika

Si kila kukatika kwa matangazo kunahitaji fundi. Mvua kubwa hufyonza mawimbi, na picha hurejea yenyewe baada ya dakika chache. Vilevile, katika siku chache za nusu ya pili ya Machi na ya Septemba, jua hupita nyuma ya setilaiti na huweza kuvuruga picha kwa dakika kadhaa kwa siku. Katika hali zote hizo, dishi lisiguswe.

Iwapo tatizo litaendelea hali ya hewa ikiwa tulivu, anza kwa kukagua malipo ya kifurushi, kisha konekta, kisha kebo. Dishi liwe la mwisho. Njia rahisi ya kujua kama limesogea ni kupiga mstari wa rangi unaovuka kutoka kwenye nguzo hadi kwenye kishikio siku ya kufunga. Mstari ukiachana baada ya upepo, dishi limesogea na unajua pa kulirudisha. Mstari ukiwa umenyooka, tafuta tatizo kwingine.

Wananchi wanashauriwa kununua visimbuzi na vifaa vyake kwa mawakala wanaotambulika na kudai risiti. Mteja asiyeridhika na huduma awasilishe kwanza malalamiko yake kwa mtoa huduma, na asipopata ufumbuzi ayapeleke Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Pale ambapo dishi liko juu ya paa refu au karibu na nyaya za umeme, kazi iachiwe fundi mwenye vifaa vya usalama.

Kwa wakazi wa Dodoma na mikoa mingine ambako msimu wa mvua huanza Novemba, na kwa maeneo ya mvua za vuli zinazoanza Oktoba, wakati mzuri wa kukagua nguzo, konekta na mstari wa rangi ni sasa, kabla ya mawingu kutanda. Ukaguzi huo ni wa nusu saa na hauhitaji malipo, na huihakikishia familia kwamba tahadhari ya mvua itakapotangazwa, luninga ya nyumbani itakuwa inaonesha.