Josh Gibson kileleni, miaka 77 baada ya kifo

Kwa miongo mingi, aliyeuliza nani ana wastani bora wa kupiga katika historia ya besiboli ya Marekani alijibiwa jina moja: Ty Cobb. Mei 2024 jibu likabadilika. Kileleni sasa yuko Josh Gibson, mdakaji wa timu ya Weusi ya Homestead Grays, mwenye wastani wa .372 dhidi ya .367 wa Cobb. Kwa wasioufuata mchezo huu, maana yake ni kwamba katika kila zamu 1,000 za kupiga zinazohesabiwa, Gibson alifanikiwa 372. Anayefikisha 300 tu huitwa hodari.

Gibson hakuwapo kupokea pongezi. Alifariki Pittsburgh Januari 1947, akiwa na miaka 35. Haikutimia miezi mitatu, Jackie Robinson akaingia uwanjani na jezi ya Brooklyn Dodgers, Mweusi wa kwanza katika ligi kuu kwa zaidi ya miaka 60. Gibson alilala katika kaburi lisilo na alama hadi 1975. Ajabu ni kwamba Ukumbi wa Magwiji wa besiboli, ulioko Cooperstown, ulikuwa umeshamwingiza tangu 1972. Jina lake lilitangulia kuandikwa kwenye shaba, kaburini likafuata.

Hakukuwa na sheria iliyoandikwa ya kuwazuia Weusi kucheza ligi kuu. Wenye timu walielewana tu kutowasajili. Ndipo mwaka 1920, mjini Kansas City, Rube Foster na wenzake wakaanzisha ligi yao. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, lakini hawa walicheza kwao na kutunzwa wakatunzwa wengine. Mwaka 1969 kamati rasmi ilipopanga ligi zipi zihesabiwe kuwa kuu, za Weusi hazikuwamo. Desemba 2020 ndipo ligi saba za kati ya 1920 na 1948, zenye wachezaji wapatao 3,400, zilipotambuliwa.

Takwimu za ligi hizo, ambazo Mei 2024 ziliingizwa kwenye rekodi rasmi na kumweka Gibson kileleni, zilipatikana kwa jasho la watafiti waliopekua magazeti ya Weusi kama Chicago Defender na Pittsburgh Courier, mechi baada ya mechi. Na hapa pana uchungu wake. Bamba la Gibson pale Cooperstown linamtaja kuwa alipiga mipira karibu 800 ya kuvuka uzio. Hesabu rasmi haifiki 200. Msimu wa ligi ulikuwa mfupi, na timu zilijitafutia riziki barabarani, zikicheza mji hadi mji na yeyote aliyekubali. Mechi hizo hazihesabiwi. Wapo wanaolalamika kwamba msimu mfupi haulingani na mrefu. Kihesabu wana hoja, ila sioni kwa nini Gibson alipe deni la waliomfungia mlango.

Buck O'Neil alilipishwa deni hilo zaidi. Alichezea na kuifundisha Kansas City Monarchs, akawa kocha Mweusi wa kwanza wa ligi kuu mwaka 1962, kisha akatumia uzee wake kusimulia habari za wenzake na kusaidia kuwajengea makumbusho. Mwaka 2006 kamati maalumu iliwachagua watu 17 wa besiboli ya Weusi waingie Cooperstown, yeye ikamwacha. Mzee huyo wa miaka 94 alifunga safari hadi huko, akapanda jukwaani na kuwasemea hao 17, kisha akaimbisha umati mzima. Alifariki Oktoba mwaka huohuo. Cooperstown ilimwingiza 2022.