Ukimwambia Utamharibu? Kweli na Uongo Kuhusu Elimu ya Balehe

Mtoto mdogo akiuliza mdogo wake ametoka wapi, huambiwa amenunuliwa hospitali. Akifika miaka 12 jibu bado ni lile lile, ila yeye haulizi tena nyumbani. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta kwamba asilimia 22 ya wasichana wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kushika mimba. Tuyapime basi yale yanayosemwa kuhusu elimu ya balehe.

"Ukimfundisha, umemwonyesha njia."
Si kweli. Mwaka 2018 UNESCO na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitoa mwongozo wa elimu hii baada ya kupitia tafiti za nchi nyingi, tajiri na maskini. Kufundishwa hakukuwafanya vijana waanze ngono mapema. Baadhi ya programu ziliwachelewesha, na waliokwisha kuanza wakatumia kinga zaidi. Zile zilizosema "subiri ndoa" na kuishia hapo hazikumchelewesha mtu.

"Hajavunja ungo, hawezi kushika mimba."
Si kweli, na uongo huu unaniudhi kuliko mingine kwa sababu husemwa kwa nia njema. Damu ya hedhi huja mwisho wa safari. Yai hupevuka na kutoka kwanza; lisiporutubishwa, ndipo damu huonekana, kiasi cha wiki mbili baadaye. Kwa hiyo yai la kwanza laweza kutoka kabla msichana hajaona hata tone.

Uongo huu una ndugu zake: "mara ya kwanza haishiki", na "ukirukaruka baadaye inatoka". Mbegu za kiume zaweza kuishi hadi siku tano ndani ya mwili wa mwanamke. Hazijui kama hii ni mara ya kwanza au ya kumi, wala haziangushwi kama maembe mtini. Kuhesabu siku kwenye kalenda nako hakumfai binti wa miaka 14, maana katika miaka ya mwanzo mzunguko wake waweza kuwa wa siku 21 safari hii na 45 safari ijayo. Mwanafunzi anaweza kuchora mirija ya uzazi kwenye mtihani wa Baiolojia, akaandika majina yote kwa Kiingereza na kupata alama zake, na bado hili asilijue. Hakuulizwa.

"Haya ni mambo ya Wazungu."
Si kweli. Fungua Safina, kile kitabu kidogo cha fiqhi kinachosomeshwa madrasa za pwani. Hujafika mbali utakuta alama za kubalehe: kutimiza miaka 15, kutokwa na manii, na hedhi, hizo mbili za mwisho kuanzia umri wa miaka tisa. Maalimu huyaeleza mbele ya watoto bila kupepesa macho, kwa sababu asiyeyajua hatajua ni lini josho limemwajibikia. Kulikuwa pia na jando na unyago. Bi Kidude, aliyefariki Zanzibar mwaka 2013, dunia ilimjua kwa taarabu. Kwao alijulikana pia kwa kuwafunda wari.

Hata hivyo tusiutie unyago sukari. Ulimfunda mwali usafi, adabu na namna ya kuishi na mume, yaani ulimwandaa kwa ndoa iliyokuwa mlangoni. Haukumwandaa kwa miaka ya sekondari, akipanda bodaboda alfajiri na kurudi jioni. Ninayemshangaa ni mzazi anayesema "mila zetu haziruhusu" ilhali kungwi alishaachana naye zamani na mahali pake hakuweka mtu. Kama mama anaona haya, na desturi nyingi zinamruhusu kuona haya, shangazi yupo. Bibi naye yupo, tena bibi ana ruhusa ya utani.

"Ni somo la wasichana."
Si kweli. Mvulana anayeficha shuka asubuhi kwa kudhani ameugua anahitaji mtu wa kumwambia kwamba ndoto nyevu ni jambo la kawaida. Anahitaji pia kuijua sheria: tangu marekebisho ya mwaka 2016, Sheria ya Elimu inamfunga miaka 30 anayempa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari. Wazazi wangapi wamewaambia hivyo watoto wao wa kiume?

"Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi inawafanya mabinti wagumba."
Si kweli. Inakinga dhidi ya HPV, virusi vinavyoleta saratani hiyo, basi. Tanzania iliianzisha nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Mwaka 2024 ikaipanua kwa wenye miaka 9 hadi 14, dozi moja tu. Hutolewa mapema kwa sababu hufanya kazi vizuri zaidi kabla mtu hajakutana na virusi.

"Akizaa, shule imekwisha."
Ilikuwa kweli, sasa si kweli. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba mwanafunzi aliyekatiza masomo kwa sababu ya ujauzito anaweza kurudi katika shule za mfumo rasmi baada ya kujifungua. Kama nyumbani kwako yuko binti anayelea huku madaftari yake yamefungiwa sandukuni, nenda naye kwa mkuu wa shule kabla muhula haujaanza.