Wiki Mbili za Hatari Baada ya Kifungo

Mraibu wa heroini akiingia gerezani, arosto humshika mapema: kamasi na machozi, viungo kuuma, tumbo kuendesha, usingizi kukata. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya zaidi. Baada ya wiki hivi mwili hutulia. Miezi ikipita, amerudisha mwili, na ndugu wanaokuja kumtembelea wanamshukuru Mungu kwamba amepona. Mshauri nasaha wa gereza anajua kwamba hajapona, na siku anayoihofia ni ile ya kuachiwa.

Sababu iko kwenye ubongo. Heroini hushika vipokezi vya seli za neva, vikiwemo vya shina la ubongo, sehemu inayoendesha upumuaji. Kwa anayetumia kila siku, mwili huzoea, hata kipimo ambacho kingemuua mtu mwingine yeye humtulizia arosto tu. Akikaa bila kutumia, uwezo huo wa kustahimili hushuka, lakini kumbukumbu haifutiki: kijiwe kilekile na rafiki yuleyule hutosha kuamsha kiu. Basi anatoka na kiu ya mraibu wa zamani na pumzi ya mtu asiyewahi kuonja. Akijidunga kipimo chake cha kale, anaweza kuacha kupumua.

Mwaka 2007, Ingrid Binswanger na wenzake walichapisha utafiti wa wafungwa 30,237 walioachiwa katika jimbo la Washington, Marekani. Katika wiki mbili za kwanza, hatari yao ya kufa kwa kuzidisha dawa ilikuwa mara 129 ya ile ya wakazi wengine wa jimbo hilo.

Kumwambia mfungwa ukweli huu kunahitaji kwanza akuamini, na gerezani kuaminiana ni kugumu. Anayekiri kwamba unga unaingia hata selo anaogopa neno lake litamfikia askari. Mahali penye amri kutwa, mshauri naye hushawishika kufoka. Mwaka 1993, mwanasaikolojia William Miller na wenzake waliripoti kuwa kadiri mshauri alivyombana mnywaji wa pombe, ndivyo mnywaji huyo alivyokunywa zaidi mwaka mmoja baadaye. Mimi naamini ufundi wote wa kazi hii uko hapo: kuuliza, kunyamaza, kusikiliza, kisha kusema wazi, "Ndugu yangu, kipimo chako cha zamani sasa kitakuua."

Maneno pekee hayatoshi, hata yakiwa ya upole. Mwaka 2016, magereza ya jimbo la Rhode Island, Marekani, yalianza kuwapa wafungwa waraibu dawa za kutuliza arosto na kiu, kama methadoni na buprenofini, pamoja na ushauri nasaha. Nusu ya kwanza ya mwaka huo, kabla mpango haujashika, watu 26 waliokuwa wametoka kifungoni karibuni walikufa kwa kuzidisha dawa. Kipindi kama hicho mwaka 2017, walikufa 9.

Methadoni si ngeni kwetu: hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuitoa mwaka 2011, na ya Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014. Lakini hunywewa kila siku, na mgonjwa akikamatwa leo, dozi ya kesho inategemea kama kuna mtu atakayeifuatilia. Mtu huyo anapaswa kuwa mshauri: apige simu kliniki siku ya kukamatwa, na kabla ya kuachiwa ahakikishe mfungwa ana barua yenye kipimo chake cha sasa, kliniki inamsubiri asubuhi inayofuata, na nyumbani kuna mtu aliyefundishwa kumpulizia pumzi akizimika.